Mambo ya Nyumbani: Sindano na Uzi



Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari za jambo ambalo wengi hulidharau, nami mwenyewe nililidharau mpaka nilipopata aibu nyumbani kwangu. Jambo lenyewe ni kushona na kutunza nguo tulizo nazo. Najua wako watakaosema, "Hii ni kazi ya wanawake," na wengine watasema, "Hii ni kazi ya fundi." Nawaomba wote wasome kwanza kisa hiki, ndipo wahukumu.

Mtoto wa kaka yangu anakaa nasi hapa Nakuru kwa ajili ya masomo. Ni kijana wa miaka 11, mpole, na tena ana akili. Mwisho wa muhula wa pili alileta ripoti yake, na mwalimu alikuwa ameandika maneno machache tu: "Anajua, lakini hajibu." Nilikasirika. Nilimwita, nikamhubiria habari za wajibu wa mwanafunzi, nikamkumbusha taabu ya baba yake anayelima viazi kule Molo ili mwanawe asome. Mtoto alinisikiliza ameinamisha kichwa. Alisema tu, "Nimesikia, baba mdogo." Nikadhani nimemaliza kazi yangu.

Kwa desturi mtoto yule hufua shati lake mwenyewe jioni. Lakini Jumamosi ile mke wangu alikusanya nguo zote za shule azifue kwa ajili ya likizo. Baada ya kitambo aliniita uani. Alilinyosha shati mbele ya jua, akaniambia nitazame chini ya kwapa la kulia. Mshono ulikuwa umefumuka upana wa vidole vinne, na sweta nayo ilikuwa na tundu mahali pale pale. Ndipo tulipoelewa. Mtoto alikuwa hanyoshi mkono darasani kwa sababu akiunyosha wenzake huona mwili wake na kumcheka. Amekaa siku nyingi ameubana mkono ubavuni, na majibu anayo kichwani. Nami kila asubuhi nilitoka nyumbani kwenda ofisini nimevaa shati lililopigwa pasi, nikapita mbele yake nisione kitu.

Mke wangu hakunilaumu. Alinipa sindano. Nilikaa kwenye kigoda nikaushona mshono ule kwa robo saa, kwa uzi usiozidi urefu wa mkono wangu.

Wasomaji, hesabu yangu ni hii. Robo saa na uzi kidogo vingeweza kumrudishia mtoto sauti yake tangu siku ya kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilidhani methali ile ni ya nyumba za udongo. Kumbe hata shati lina ufa wake. Basi leo nitawaeleza hila ndogo ndogo ambazo kila mtu, mume kwa mke, aweza kuzifanya nyumbani bila cherehani na bila gharama kubwa.

KIKOPO CHA NYUMBANI

Kwanza, kila nyumba iwe na kikopo cha kushonea, na kila mtu ajue mahali kilipo. Nilipokuwa shule ya misheni, kila Jumamosi asubuhi tulikaguliwa, na mwanafunzi asiyeweza kuonyesha sindano moja, uzi mweusi, uzi mweupe na vifungo viwili hakuruhusiwa kwenda kucheza mpira. Tuliona ni udhia. Leo namshukuru sana mwalimu wetu wa bweni.

Katika kikopo hicho weka sindano tatu, moja nyembamba, moja ya kadiri, na moja nene yenye tundu pana kwa ajili ya sufu. Weka nyuzi za rangi nyeupe, nyeusi, na rangi ya sare ya watoto wako. Weka mkasi mdogo, pini chache, na kipande cha mshumaa au cha nta ya nyuki. Nta hupatikana kwa warina asali wa Baringo na kwingineko. Upitishe uzi juu ya nta mara mbili kabla ya kushona, nao hautajisokota wala hautakatika upesi. Tena, usitupe kamwe shati kuukuu kabla ya kukata vifungo vyake na kuviweka akiba.

MSHONO ULIOFUMUKA

Nguo haichaniki mahali popote tu. Huchanika panapovutwa, yaani kwapani, katikati ya miguu, kwenye pembe za mifuko, na viwiko na magoti yanaposuguliwa. Basi nguo ikitoka kufuliwa, itazame mahali hapo kabla ya kuikunja. Kazi hiyo haichukui dakika moja.

Ikiwa ni mshono tu uliofumuka na kitambaa chenyewe ni kizima, una bahati. Igeuze nguo ndani nje. Zibananishe zile kingo mbili kwa pini. Anza kushona sentimita 2 kabla ya mahali palipofumuka, na uendelee mpaka upite sentimita 2 upande wa pili, maana ule uzi wa zamani ulio karibu na ufa umekwisha legea. Usishone kwa kwenda mbele tu. Kila sindano ikitokeza, irudishe nyuma nusu hatua ndipo uende mbele tena. Mshono wa kurudi nyuma namna hii una nguvu karibu sawa na wa cherehani.

Ikiwa mtoto amekua na nguo inambana kwapani, kushona peke yake hakutoshi, itafumuka tena juma lijalo. Hapo fanya kama wafanyavyo washonaji wa kanzu kule pwani. Hutia chini ya mkono kipande kidogo cha pembe nne, wenyewe hukiita kikwapa, ili mkono upate nafasi ya kuinuka. Kata kipande cha upana wa vidole vinne, kitie pale mishono miwili inapokutana, pembe moja ielekee kwenye mkono na pembe ya pili ubavuni. Hivyo ndivyo nilivyofanya hatimaye kwa shati la mtoto wetu.

KIRAKA KISICHO NA AIBU

Kitambaa kikiwa kimechanika chenyewe, hapana budi kutia kiraka. Watu wengi huona haya kuvaa kiraka, na sababu ni kwamba viraka vingi vimetiwa vibaya. Kiraka chema kina masharti manne.

Kwanza, kitoke katika nguo ile ile au iliyo sawa nayo. Kitambaa hicho hupatikana ndani ya pindo, au kwenye mfuko wa nyuma, ambao waweza kufumuliwa na mahali pake kutiwa kitambaa kingine. Pili, kama kitambaa ni kipya, kifue kwanza. Kitambaa kipya hurudi kikilowa, na kiraka kikirudi baada ya kushonwa kitaivuta nguo mpaka ikunjane. Tatu, nyuzi za kiraka zielekee upande ule ule wa nyuzi za nguo. Nne, kiwe kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 2 kila upande, na pembe zake uzikate ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo ianzayo kubanduka.

Kitie kiraka kwa ndani, ukikunje kingo za tundu chini, na ushone kwa mishono midogo. Ukimaliza, piga pasi kwa kitambaa chenye unyevu. Mtu atakayekiona kiraka hicho atajua kwamba katika nyumba ile kuna watu wanaojiheshimu.

SWETA NA SOKSI

Huku kwetu juu, kuanzia Njoro hadi Molo na Ol Kalou, sweta si pambo. Ni nguo ya lazima, na viwiko vyake ndivyo vinavyokufa kwanza. Tundu la sweta halishonwi kwa kuvuta kingo pamoja, maana hutokea donge linalokwaruza na tundu jipya hufunguka kando yake.

Chukua globu ya taa iliyoungua, au kikombe kidogo, uingize ndani ya mkono wa sweta ili tundu likae juu yake bila kulegea. Tumia uzi wa sufu wa rangi hiyo hiyo, ambao waweza kuufumua katika sweta kuukuu. Pitisha nyuzi sambamba kutoka juu hadi chini, ukianza na kumaliza mahali kitambaa kilipo kizima. Kisha pitisha nyuzi za kukata, juu ya mmoja na chini ya mwingine, kama anayesuka mkeka. Usivute sana. Tundu litazibwa kwa kitambaa kipya ulichokifuma mwenyewe. Soksi hufanywa vivyo hivyo.

VIFUNGO, ZIPU NA KOLA

Kifungo cha koti hukatika upesi kwa sababu kimeshonwa kikabanwa mno. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, na upitishe uzi juu ya njiti hiyo mara nne au tano. Kisha toa njiti, vuta kifungo juu, na uzungushe uzi chini yake mara tatu ili upate shingo. Shingo hiyo hukipa kifungo nafasi ya kupita katika tundu lake bila kuukata uzi.

Zipu iliyo nzito kupanda na kushuka, isugue kwa mshumaa au kwa ncha ya penseli. Zipu inayofungika kisha ikaachana nyuma, mara nyingi meno yake hayana kosa. Kosa ni la kile kichwa kinachopanda, kimepanuka kwa kuvutwa sana. Kibane kidogo sana kwa koleo, upande huu na upande huu, kisha ujaribu. Ukikibana kwa nguvu kitavunjika. Na ikiwa meno ya chini yametoka, shona mara nyingi kukata zipu juu ya mahali pale, nayo itakuwa fupi kidogo lakini itafanya kazi.

Kola ya shati huisha pale inapokunjwa shingoni, hali shati lenyewe bado lina miaka miwili ya kuvaliwa. Fumua mshono unaoishika kola, igeuze upande wa pili uwe juu, na uirudishe mahali pake. Shati litakuwa kana kwamba ni jipya. Hila hii ilitumiwa sana Uingereza wakati wa vita, nguo zilipogawiwa kwa kuponi tangu tarehe 1 Juni 1941 hadi mwaka 1949. Mwaka 1943 serikali ya huko ilitoa hata kijitabu cha kuwafundisha raia kutengeneza nguo walizo nazo. Watu wa tabaka zote walitia viraka, wala hakuna aliyeona haya, kwa kuwa kila mtu alijua sababu yake.

PINDO LA MTOTO ANAYEKUA

Ukimshonea mtoto sare, mwombe fundi aache pindo la sentimita 5 au zaidi kwenye suruali, gauni na mikono. Kila mwaka utalishusha kidogo. Mstari wa pindo la zamani ukibaki, upanguse kwa kitambaa kilicholowa siki na maji, kisha upige pasi. Ukiwa umepauka kabisa hautaondoka, lakini mstari mwembamba haumzuii mtoto kusoma.

VUMBI NA MADOA

Inasemekana kwamba jina la Nakuru latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mtu aliyekaa hapa mwezi wa Januari au Februari hatabisha. Udongo wetu umetokana na majivu ya milima ya moto kama Menengai, na chembe zake ndogo hukwaruza nyuzi za nguo kama tupa. Basi usilowe nguo yenye vumbi mara moja. Ikung'ute kwanza nje na kuipiga brashi. Vumbi likilowa huwa tope, na tope husuguliwa ndani ya kitambaa. Kadhalika tope la masika, liache likauke, likwangue, ndipo ufue.

Kuhusu madoa, amri ya kwanza ni haraka, na amri ya pili ni maji baridi. Mimi nilijifunza hayo kwa hasara. Siku moja kalamu ya wino ilivuja katika mfuko wa shati langu nikiwa kazini. Nilikimbilia maji ya moto na sabuni, nikasugua kwa bidii kubwa. Doa la ukubwa wa kifungo likawa la ukubwa wa kiganja, na shati likawa la kuvaa shambani. Wino wa kalamu ya biro hutolewa kwa spiriti. Weka kitambaa safi chini ya doa, na upapase kwa pamba yenye spiriti, ukibadili pamba kila inapochafuka. Papasa tu, usisugue.

Damu ilowekwe katika maji baridi yenye chumvi kidogo. Maji ya moto huipika damu ikashikamana na nyuzi kama yai kwenye sufuria. Doa la mafuta linyunyizie unga wa mahindi au chaki iliyosagwa, uache saa nzima unywe mafuta, upanguse, kisha ufue kwa sabuni ya kipande. Nta ya mshumaa ikwangue, weka karatasi isiyo na maandishi juu na chini, na upitishe pasi ya vuguvugu. Karatasi itainywa nta. Kutu kwenye nguo nyeupe ya pamba hutolewa kwa maji ya limau na chumvi, nguo ikaachwa juani, kisha ikasuuzwa vizuri. Utomvu wa ndizi ni adui mkubwa, na aghalabu hautoki wote. Ujaribu mafuta ya taa kabla nguo haijaguswa na maji, mbali kabisa na moto, kisha ufue kwa sabuni.

Dawa yoyote uijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama ndani ya pindo. Na hapa nina onyo. Ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe isichanganywe kamwe na limau wala siki wala dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa hewa yenye sumu inayodhuru mapafu. Tena isitiwe kwenye sufu, kwa sababu huila.

KUFUA, KUANIKA NA KUPIGA PASI

Sweta na blanketi la sufu vifuliwe kwa maji ya vuguvugu, na vikamuliwe kwa kubanwa, si kwa kusokotwa. Unyoya wa kondoo una magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na maji ya moto pamoja na kusugua huyafanya yashikane, ndiyo maana sweta ya baba hutoka ndooni ikamtosha mtoto. Ianike juu ya taulo mahali palipo sawa. Ukiitundika kwenye kamba, uzito wa maji utairefusha.

Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje na kuanikwa kivulini. Mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu namna hii jua hupausha rangi kwa nguvu zaidi kuliko pwani. Nguo nyeupe, kinyume chake, jua ni rafiki yao.

Wako wengi hata leo wanaotumia pasi ya makaa, hasa mashambani na umeme unapokatika. Ipepee nje mpaka majivu yaishe, uipitishe kwanza juu ya kitambaa kikuukuu chenye unyevu, ndipo uilete juu ya nguo. Nailoni itiwe kitambaa kati yake na pasi, ama sivyo itayeyuka. Na nawasihi wasomaji wangu, hasa wakati wa baridi ya Julai, msipige pasi ya makaa katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo imewaua watu wengi usingizini. Fungua mlango na dirisha.

Yuko pia nzi atagaye mayai kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa na unyevu, hasa nchi za joto za pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Funza wake huingia katika ngozi ya mtu. Basi ukisafiri huko, piga pasi nguo zote, pande zote mbili, hata za ndani.

KUWEKA AKIBA

Nondo mkubwa anayeruka hali nguo. Watoto wake, wale viwavi wadogo weupe, ndio walao sufu, na hupenda zaidi sufu yenye jasho na mafuta ya mwili. Kwa hiyo usiweke sandukuni sweta au koti la sufu kabla ya kulifua. Mara kwa mara litoe, uliweke juani, na ulipige brashi kwenye mikunjo na chini ya kola, maana huko ndiko mayai yanakotagwa.

Wenyeji wa Naivasha, Gilgil na Elementaita wanao mleleshwa, ule mti wa majani ya kijivu wenye harufu kama ya kafuri, nao waujua tangu zamani kwa kujitia manukato. Majani yake makavu yakifungwa katika kitambaa na kuwekwa sandukuni, nguo hunukia vizuri. Lakini harufu hiyo isikufanye uache kufua. Tunalo pia pareto, ua lililoanza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kiwanda chake kikawekwa hapa hapa Nakuru. Unga wake huua wadudu wa namna nyingi. Ukinunua dawa iliyofanywa kwa pareto, soma maagizo, na usiitie kwenye nguo za mtoto mchanga.

KUNUNUA MITUMBA

Wengi wetu huvaa mitumba, na hakuna ubaya. Mwaka 2020, serikali ilipozuia kwa miezi kadhaa mitumba isiingizwe nchini kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ndipo tulipotambua jinsi nyumba nyingi zinavyotegemea biashara hiyo. Lakini nunua kwa macho. Iinue nguo uielekeze kwenye jua, matundu na mahali palipolika yataonekana mara moja. Tazama kwapani na katikati ya miguu. Panda na ushuke zipu mara tatu. Mshono uliofumuka usikuogopeshe, maana sasa unajua kuushona, na waweza kuomba upunguziwe bei kwa ajili yake. Lakini kitambaa kilicholika mpaka kikawa chepesi kama karatasi, kiache hapo hapo sokoni.

NENO LA MWISHO

Nilipokuwa nikiandika haya nilipita kwa mzee mmoja fundi, ambaye cherehani yake i kwenye veranda ya duka tangu mimi sijaajiriwa. Nilimwuliza kama hataniudhikia kwa kuwafundisha watu kushona wenyewe, maana huenda nikamkosesha wateja. Alicheka. "Sivyo, Bwana Karani," akasema. "Watu hawaniletei tundu dogo. Hulificha. Huniletea nguo ikiwa tundu limekwisha kuwa mlango, nami siwezi tena kuwafaa."

Neno lile la kuficha lilinichoma. Mtoto wetu alificha kwa sababu aliogopa kuwa mzigo. Alijua kwamba nyumba yetu ina watoto wengine, na kwamba sare mpya ni fedha nyingi. Hakujua kwamba alihitaji uzi tu, kwa kuwa mimi sikuwahi kumwonyesha. Basi siku hizi kila Jumapili jioni, kabla ya kulala, watoto wote huleta sare zao mezani, tukazitazama pamoja. Hakuna anayeulizwa ni nani aliyechana. Twauliza tu, "Wapi?" Nao wenyewe, wavulana kwa wasichana, wamejifunza kushika sindano.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, siku ya pili jioni mtoto alinijia nikiwa nasoma gazeti. Akasema, "Baba mdogo, leo nilinyosha mkono hesabuni." Nikamwuliza kama alipata. "La, nilikosa," akasema, na uso wake ulikuwa unacheka. Sikumhubiria neno.

Wasomaji wangu, kesho mtoto wako anapovaa kwenda shule, mwambie ainue mikono yote miwili juu. Tazama.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaandika habari za viatu na namna ya kuvihifadhi wakati wa mvua.